Kisa cha Mzee: mjusi wa ndevu, jua la dirishani, na siku 9 nilizopoteza mimi

Video yenyewe ilikuwa sekunde 14 tu. Mjusi wa ndevu, yaani pogona, kalala kifudifudi juu ya mchanga, vidole vya mkono wa kushoto vinachezacheza, vinatulia, vinaanza tena. Chini yake dada kaandika: "Kaka habari za kazi, Mzee wetu kaanza kutupungia mkono, mwanangu kafurahi kweli! Ila wiki hii hali chakula vizuri, nimpe nini?"

Mi nilikuwa kazini, nikaiangalia mara moja, nikajibu: "Ongeza kalsiamu dada, mnyunyizie kwenye chakula kila siku, atakaa sawa." Akashukuru, yakaisha. Siku 9 zikapita.

Ndo kisa naanzia hapo, kwa sababu mjusi huyu alikuwa anaumwa tangu kabla ya ile video na mimi niliyeitwa "anayejua" nilijibu bila kuuliza hata swali moja, na jibu lenyewe sio kwamba lilikuwa la uongo, kalsiamu kweli alikuwa anaihitaji, lakini pale alipokuwa hata ungemlisha kopo zima isingemsaidia. Watu wetu wengi walioko huku ng'ambo sa hivi wanafuga mijusi, mtoto anaomba, mzazi ananunua, alafu wanatafuta mtu wa kumuuliza, na mimi nimekuwa huyo mtu kwa miaka kadhaa sasa. Kwa hiyo nakiandika chote, pamoja na pale nilipokosea.

Dada ni mtu wa Mwanza, anaishi Columbus, Ohio, na watoto wawili, wa kiume ana miaka 11 na wa kike 2. Mimi niko Houston, hatujawahi kuonana, tumeunganishwa na shemeji yake. Mwezi wa tisa kijana alinunuliwa pogona wa kama miezi miwili, na dukani wakauziwa seti kamili ya kuanzia: boksi la kioo la galoni 20, balbu ya joto, balbu ndogo ya UVB (ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho) iliyojipindapinda, balbu nyekundu ya usiku, thamometa ya mshale ya kubandika ukutani, mfuko wa mchanga, na kopo la chakula kikavu. Dada aliona seti imeandikwa kwamba ni ya mnyama huyo huyo, akaamini ina kila kitu, na nani asingeamini? Mtoto akampa jina la Mzee sababu ya ndevu.

Pogona kwao ni katikati ya Australia, nchi kavu yenye jua kali. Australia ilishafunga biashara ya kuuza nje wanyama wake wa porini tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hawa wote tunaowaona madukani Marekani na Ulaya wamezaliwa kwenye maboksi, na wazazi wao, na babu zao. Wamezoea watu, wapole, ndo maana wanafaa kwa mtu anayeanza. Lakini mwili wake haujasahau lile jua hata kidogo, na hili ndo kisa chote kinazunguka hapo.

Siku ya 9 dada alipiga simu usiku, safari hii sio ujumbe. "Kaka samahani nakupigia saa hizi. Mzee hainui tumbo. Anajiburuza." Nikamwambia anirekodie video tena, mwanga wa kutosha, nyuma, mbele na upande. Nikakaa chini nikaiangalia vizuri. Miguu ya nyuma imevimba mapajani, kwa mtu asiyejua angesema kanenepa. Taya la chini limerudi nyuma kidogo na midomo haikutani. Vidole bado vinacheza. Na ule mkono wa kushoto sasa ameukunja chini ya kifua wala hautumii.

Hapa niseme kuhusu lile neno kupunga. Pogona wadogo kweli wanapunga mkono, ananyanyua mkono mmoja anauzungusha taratibu kwenye duara, ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, kama kusema sina ugomvi. Dada alishasoma hilo mahali, ndo maana alipoona vidole vinacheza akafurahi. Ila kupunga ni mkono mzima, wa makusudi, pole pole. Kutetemeka kwa vidole na mkono umelala chini sio salamu, ni misuli inakosa kalsiamu kwenye damu. Tofauti hii inaonekana kabisa kwenye ile video ya kwanza, nimeirudia mara nyingi baadaye, iko pale pale sekunde ya 3.

Nikamuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza mwanzo. Sikumuuliza anakula nini kwanza, nilianza na taa.

"Taa ya UVB inawaka saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Kimya kidogo. "Tunaiwasha mtoto akirudi shule, saa kumi na moja hivi mpaka saa tatu usiku. Mchana tunaizima maana tumemweka dirishani kaka, jua linampiga vizuri tu."

Nilishusha pumzi. Sio kwa kumlaumu, maana ukimwelewa mtu wa Mwanza utaelewa kwa nini. Mwanza mijusi iko juu ya mawe kila kona, wale wenye kichwa na kifua cha waridi na mwili wa bluu, wanasayansi wamewapa mpaka jina la mji, Agama mwanzae. Wanatoka asubuhi wanaota jua juu ya jiwe, wakipata moto wanashuka kivulini, wanakula wadudu, wanapanda tena. Mtu aliyekua akiona hivyo anajua moyoni kwamba mjusi anataka jua, na yuko sahihi kabisa. Tatizo ni kioo. Kioo cha kawaida cha dirisha kinapitisha mwanga, kinapitisha joto, ila ile miale ya UVB inakwama pale karibu yote. Wewe unaona jua limejaa kwenye boksi, ngozi ya mjusi inaona giza. Na Mzee alikuwa nyuma ya vioo viwili, cha dirisha na cha boksi lake, mwezi wa kwanza, Ohio, ambako hata jua lenyewe la nje liko chini na mawingu siku nyingi.

UVB inafanya nini hasa? Kwenye ngozi ya mjusi kuna kitu kinasubiri ile miale, ikimpiga kinageuka kuwa mwanzo wa vitamini D3, na joto la mwili linamalizia kukigeuza kiwe D3 yenyewe, alafu ini na figo zinaifanyia kazi mpaka inakuwa homoni. Kazi ya hiyo homoni ni kuvuta kalsiamu kutoka tumboni iingie kwenye damu. Ikikosekana, kalsiamu unayomlisha inapita na kutoka na kinyesi. Wakati huo moyo na misuli bado inaidai kalsiamu kila dakika, kwa hiyo tezi ndogo za shingoni zinatoa amri mifupa iachie yake. Mwili unakopa kwenye mifupa kila siku bila kurudisha. Mifupa inalainika, taya linakuwa kama mpira, mapaja yanavimba maana mwili unajaribu kuziba mfupa dhaifu kwa nyama ngumu isiyo na nguvu, mkono unavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kijiti. Ndo ugonjwa wa mifupa wa mijusi, na kwa mijusi wa ndani ni moja ya magonjwa yanayoonekana sana.

Sasa rudi kwenye ushauri wangu wa kwanza: ongeza kalsiamu. Poda aliyokuwa nayo dada ilikuwa kalsiamu tupu isiyo na D3. Taa masaa manne jioni, tena kwa balbu dhaifu iliyokaa juu ya kifuniko cha wavu mnene, na mjusi analala chini kabisa, kama sentimita 40 chini. Wavu peke yake unaweza kula theluthi ya ile miale au zaidi, na umbali unakula iliyobaki. Kwa hiyo alinyunyiza poda siku 9 kwa uaminifu, na mifupa ikaendelea kukopwa siku 9.

Nikaendelea na joto. "Thamometa inasema 100 kaka, niko makini sana na hiyo." 100 za Fahrenheit ni kama 38 za Selsiasi, na pogona sehemu ya kuotea anataka jiwe lenyewe liwe 38 mpaka 42, kwa hiyo kwenye karatasi yuko sawa. Ila nilimuuliza thamometa imebandikwa wapi. Juu ya kioo, karibu na balbu. Mjusi yuko wapi? Chini. Zile za mshale za kubandika zinapima kioo na hewa ya hapo zilipo, na nyingi hazipimi hata hiyo vizuri. Nikamwomba atafute thamometa ya bunduki, ile unailenga kwenye kitu inasoma joto lake bila kukigusa. Akaleta ile ya kupima watu paji la uso toka enzi za korona, nikamwambia hiyo haifai, imetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu tu. Jirani yake fundi wa viyoyozi alikuwa na ile ya kazi. Jiwe: 87, yaani 31 hivi za Selsiasi. Upande wa baridi: 70, yaani 21. Kumbe Mzee kwa miezi minne hakuwahi kupata moto hata siku moja.

Na joto sio starehe kwa mjusi, mwili wake hautengenezi joto la ndani kama wetu. Bila joto chakula hakisagiki, hamu ya kula inaisha, kinga inashuka, na hata ile D3 ya kwenye ngozi haikamiliki vizuri. Nikauliza amejisaidia lini mara ya mwisho. Mtoto akajibu kwa nyuma, "Siku nane mjomba, nimeandika." Alikuwa ameandika kweli, kwenye daftari, kila kinyesi na tarehe yake. Nilimpenda yule mtoto kuanzia pale.

Chakula ndo kilikuwa na makosa ya upendo. Kila siku spinachi ya pakiti, na dada akipata mchicha kwenye duka la Waafrika anamkatia mchicha, maana kwetu mboga ya majani ni afya. Spinachi na mchicha vina oksaleti nyingi, na oksaleti inaishika kalsiamu tumboni isifyonzwe. Kipande cha mara moja moja hakiui, ila kila siku ndo tatizo. Kwa upande wa wadudu alikuwa anapewa nyenje, na nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu mara kadhaa, wakati anachotakiwa kupata mjusi ni kinyume, kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi, ndo sababu tunawapaka poda. Ile poda dada alikuwa anainyunyizia kwenye mboga. Mzee alikuwa anakula nyenje anaacha mboga.

Na mboga sahihi alikuwa nayo jikoni kwake muda wote. Sukuma wiki. Ina kalsiamu nzuri, oksaleti kidogo, iko kila supamaketi ya Marekani, na yeye anaipika kila wiki. Nilipomwambia alikaa kimya alafu akasema, "Yaani kaka, mi nakula, mnyama anaangalia." Siku hizi anamtolea kabla hajaikaanga, anamkatia nyembamba sana, anachanganya na boga lililoparuzwa na majani mengine ili isiwe mboga moja kila siku.

Usiku ule nilimpa mambo manne tu. Nilijizuia kusema zaidi, maana nimeona mara nyingi mtu anayeanza anaambiwa vitu 20 kwa pamoja, anafanya vile rahisi, anaacha kile kimoja kinachookoa. Kwanza, asubuhi apige simu kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, hili sio la kusubiri tuone. Pili, taa zote ziwake asubuhi mpaka jioni, na jiwe la kuotea linyanyuliwe kwa kuweka tofali bapa chini yake mpaka bunduki isome 100 mpaka 105 mgongoni pa jiwe, na jiwe likae imara lisimwangukie. Tatu, vijiti vya kupanda vitoke vyote, na mtoto asimbebe kabisa, maana mfupa ulivyo unaweza kuvunjika mkononi mwake. Nne, mchanga utoke, waweke karatasi za jikoni.

Kuhusu mchanga nina maoni yangu na wapo watakaonipinga. Ukionyesha picha ya mjusi mgonjwa kwa wafugaji, wa kwanza atapiga kelele mchanga, mchanga! Porini kwao wanaishi juu ya udongo mgumu na mchanga, na mjusi mzima mwenye joto na UVB anaweza kumeza punje chache zikatoka. Mchanga haukumfanya Mzee awe hivi. Ila mjusi asiyeweza kunyanyua tumbo, anayekosea shabaha akirukia nyenje na kuchota mchanga mdomoni, na utumbo wake umelala kwa kukosa joto na kalsiamu, huyo mchanga unaweza kummaliza. Kwa hiyo utoke, ila tusijidanganye kwamba tumepata mchawi.

Kuna jambo moja nililizuia. Rafiki yake mmoja, mwenye nia njema kabisa, alikuwa ameshamshauri atoe matone ya vitamini D3 ya mtoto wa miaka 2 ampe mjusi. Hapana. D3 ya mdomoni inakaa kwenye mafuta ya mwili, ikizidi hakuna njia rahisi ya kuitoa, na kalsiamu inaanza kuganda kwenye figo na mishipa. Mwanga una adabu yake, ngozi ikitosheka inaacha kutengeneza. Tone halina adabu hiyo. Mnyama wa gramu 74, ndo uzito aliokuwa nao Mzee kwenye mizani ya jikoni usiku ule, utampimia tone vipi?

Kupata daktari haikuwa rahisi. Kliniki ya kwanza, jirani kabisa, walisema wao ni mbwa na paka tu. Kuna chama cha madaktari wa reptilia na amfibia, ARAV, wana orodha ya kutafutia daktari kwa eneo, nikamtumia, akapata mmoja dakika 40 kwa gari. Nilimwambia jinsi ya kumsafirisha maana baridi ya nje ilikuwa ya kuua: kiboksi kidogo cha plastiki chenye matundu, taulo ndani, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwenye soksi, gari liwashwe lipate moto kabla hajatolewa nyumbani.

Eksirei ilionyesha tulichokiogopa. Kwenye picha ya mjusi mzima mifupa inang'aa nyeupe, ya Mzee ilikuwa kama kivuli, karibu rangi moja na nyama. Mfupa wa mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika kwa kujikunja, kama kijiti kibichi. Ndo ule mkono uliokuwa "unapunga". Daktari alimchoma kalsiamu kwa sababu ya ile mitetemeko, akampa maji chini ya ngozi, dawa ya maumivu, na kalsiamu ya maji ya kunywesha nyumbani kwa bomba la sindano asubuhi na jioni. Na akasema kitu nilichofurahi kukisikia kutoka kwake na sio kwangu: dawa hizi ni za kumvusha, taa ndo itakayomponya. Dada alilipa zaidi ya bei ya mjusi, boksi na taa zote kwa pamoja, akanipigia akiwa kwenye gari analia, sio kwa hela, kwa sababu mtoto alimuuliza kama wao ndo waliomvunja mkono.

Nilizungumza na mtoto mwenyewe. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Nikamwambia ukweli kama ulivyo, kwamba Mzee aliumwa kwa sababu jua lilikuwa haliingii kwenye boksi lake, hakuna aliyemwambia yeye wala mama yake, na mimi mjomba nilipoulizwa sikuuliza kuhusu taa na nilipaswa. Sikutaka abebe mzigo ambao nusu yake ni wangu.

Taa mpya ilifika siku mbili baadaye. Hii ndo pesa ambayo ningependa kila anayeanza aitumie kabla ya mapambo yoyote: tyubulaiti ndefu ya UVB ya aina ya T5 yenye nguvu, asilimia 10 mpaka 12, urefu kama nusu ya boksi au zaidi, na kava yenye bati la kung'aa la kurudisha mwanga chini. Ile balbu ya kujipinda inamwaga UVB kwenye kieneo kidogo, mjusi akisogea ametoka nje yake. Tyubu inamfunika mwili mzima anapoota. Tuliiweka upande mmoja na balbu ya joto, maana juani joto na miale vinakuja pamoja na yeye anavitafuta pamoja, na upande wa pili tukaacha kivuli na kijumba cha kujificha ili achague mwenyewe. Kwa kuwa kulikuwa na wavu katikati, umbali kutoka taa mpaka mgongo wake tuliufanya kama sentimita 30. Wenye kipimo cha UVI, yaani nguvu ya ile miale, wanatafuta kati ya 3 na 5 pale pa kuotea, dada hakuwa nacho na sikumwambia anunue, kina bei. Saa ya ukutani ya kuwasha na kuzima, masaa 12. Balbu nyekundu ya usiku ilienda kwenye pipa la taka, mjusi anaona nyekundu vizuri tu na inamharibia usingizi, na nyumba yenye joto la 68 usiku, yaani 20 za Selsiasi, inamtosha kabisa.

Jambo lingine lilijitokeza kwenye picha bila mtu kuniuliza: walikuwa wanamwogesha kwenye sinki la jikoni. Mjusi anaweza kuwa mzima kabisa na akawa na salmonela kwenye kinyesi, na nyumba ile ina mtoto wa miaka 2. CDC, shirika la afya ya jamii la Marekani, inashauri watoto chini ya miaka 5 wasishike reptilia wala vitu vyao. Tukamnunulia beseni lake la bluu, linaoshewa bafuni, na kila anayemgusa ananawa kwa sabuni. Dada hili alilichukua haraka kuliko yote, alisafisha sinki usiku huo huo.

Wiki ya kwanza hakuna lililoonekana na ndo wiki ngumu. Siku ya 3 alijisaidia, nikapata picha tatu za kinyesi, na nilifurahi kwelikweli. Siku ya 6 mitetemeko ikaisha. Wiki ya pili akakamata nyenje mwenyewe, nyenje aliyepakwa poda, tulikuwa tunawatia kwenye mfuko wa plastiki na poda kidogo tunautikisa. Pia nilimfundisha mtoto kuwalisha nyenje wenyewe karoti na sukuma wiki siku moja kabla, kwa sababu mjusi anakula na kilichomo tumboni mwa mdudu. Wadudu wa nje asimpe, dawa za bustani ziko kila mahali, na kimulimuli hata mmoja anaweza kumuua pogona, ana sumu ya moyo. Ohio kiangazi wamejaa vimulimuli na mtoto gani asingetaka kumpa Mzee kitu kinachowaka?

Gramu 74 mwezi wa kwanza. Katikati ya mwezi wa pili 91. Mwezi wa nne eksirei ya pili, mifupa nyeupe, daktari akapunguza dawa. Mwezi wa sita gramu 205 na boksi jipya la futi 4 kwa 2 kwa 2, ambalo kwa kweli ndo ukubwa ambao pogona mzima anauhitaji tangu mwanzo, lile la galoni 20 kila mtu atakuja kulibadilisha. Mkono wa kushoto uliunga ukiwa umepinda na utabaki hivyo. Taya pia halitarudi lote, wakati mwingine nyenje anamponyoka upande. Mifupa inakuwa migumu tena, ila inakuwa migumu katika umbo ililokuwa nalo.

Kijana aliniuliza kama anaweza kuongeza wa pili, kaona picha ya mjusi mdogo wa bluu anayeng'aa, na alipojua anatoka Tanzania ndo akazidi kumtaka. Nikamweleza yule anaishi kwenye vipande vidogo vya msitu tu upande wa Morogoro, Kimboza ndo pakubwa, juu ya mikadi, ile mimea ya majani marefu yenye miiba, na watu walifikia kukata mikadi yenyewe ili wawakamate wauzwe nje. Tangu 2017 yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Nikamwambia akikua aende Kimboza akawaangalie palepale. Mama yake akadakia, "Na Mwanza pia, ukaone mijusi ya bibi yako."

Sasa mtu akiniandikia mjusi hali chakula, simjibu kitu mpaka nipate picha ya boksi zima taa zikiwa zinawaka, aina ya taa na tarehe iliyonunuliwa, joto la jiwe kwa bunduki, na video ya mjusi anatembea. Wengine wanakasirika, wanaona nawasumbua wakati wameuliza swali dogo. Nawavumilia. Dada naye angenikasirikia siku ile ya video ya kwanza, labda, alafu angenitumia picha ya boksi dirishani mchana na taa imezimwa, na mkono wa Mzee pengine usingekuwa umevunjika.

Tyubu ya T5 inabadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka, maana mwanga unaouona unabaki ila UVB inapungua kimya kimya. Tulipoifunga mtoto aliandika tarehe kwenye kipande cha selotepu akakibandika kwenye kava. Mwezi huu wa kwanza nimepata ujumbe: "Shikamoo mjomba, taa ya Mzee imebaki wiki mbili itimize mwaka, mama kashaagiza nyingine. Leo ana gramu 318." Nikaitika marahaba, nikaanza kuandika swali la joto la jiwe, na kabla sijamaliza ikaingia picha ya bunduki imeelekezwa kwenye jiwe, 104, na Mzee pembeni kanyanyua kifua, mkono uliopinda mbele, anaota.